Wamama wa Kujazia

Mzee Nelson Simel alipoingia studio yangu siku ile alinikuta nimeshakasirika, kwa hiyo yaliyofuata si makosa yake peke yake. Bwana harusi mmoja wa Tuala alikuwa amenirudishia video mara ya nne kwa sababu eti tumbo lake linaonekana. Tumbo lilikuwepo. Mimi si daktari wa kulipunguza.

Studio yangu iko Kitengela, juu ya duka la dawa za mifugo, chumba kimoja chenye kompyuta mbili na pazia la kijani la kupigia picha. Nahariri harusi, mazishi na shughuli za makanisa. Mzee Nelson alikuwa mwenyekiti wa kamati ya jubilii. Kanisa lao, nje kidogo ya mji wa Kajiado, lilikuwa linatimiza miaka hamsini. Aliketi kabla sijamkaribisha, akatoa bahasha mfukoni.

"Nataka majina ya waanzilishi, wale waliojenga," alisema. "Lakini sitaki majina ya kusimama tu kwa skrini. Nataka ile ya sinema. Yanatokea hapa chini yakiwa makubwa, yamelala, yanaenda hivi, yanapotelea huko mbali kwa mawingu. Unaijua?"

"Naijua, Mzee."

"Na unaiweza? Wewe mwenyewe?"

Aliangalia pazia, labda kuna fundi mwanamume amejificha nyuma yake. Wateja wengi huangalia hilo pazia. Nikamwambia ninaiweza, mimi mwenyewe, Mutheu, na kama anataka wa nyuma ya pazia atangoja sana.

Ndani ya bahasha mlikuwa na orodha ya wazee kumi na mmoja na picha ya zamani. Ilipigwa siku ya kufungua kanisa la kwanza, lile la udongo. Wazee wameketi mbele ya ukuta, kofia magotini. Nyuma yao wamesimama wanawake, wengi, wamebanana mpaka wengine wametoka nje ya picha. Mmoja amebaki mkono tu, wenye bangili.

"Hao wa nyuma utawakata," alisema Mzee Nelson. "Wanaleta fujo. Bakisha wazee."

"Ni akina nani?"

"Ah, ni wamama tu."

Mama yangu husema nilizaliwa nimekunja ngumi. Lakini mteja ni mteja, na kanisa moja likikusifu, makanisa matano hukupigia simu. Nikachukua daftari nikaandika: *kata wamama*. Kalamu ikatoboa karatasi.

Watu hudhani maandishi hayo ni uchawi. Kwanza unaandika ukanda mrefu, mistari mifupi, herufi nene. Unauweka ndani ya boksi lake, unaufanya upande kutoka chini kwenda juu kwa mwendo mmoja usiobadilika. Ndipo unaliinamisha boksi zima, kichwa kinaenda nyuma, miguu inabaki mbele, kama bati la paa. Ukiinamisha kwanza halafu ndio usogeze, maandishi yanapanda wima hewani na kila kitu kinaharibika. Mwishowe unaweka ukungu pale juu, ili herufi zikifika mbali zififie polepole. Nilitandaza tambarare ya Kajiado chini yake na mawingu meupe juu, nikaweka majina ya wazee, nikaangalia. Nilipenda. Nasema ukweli, niliipenda kazi yangu.

Mzee Nelson alirudi baada ya siku mbili, akaangalia nusu dakika, akapiga meza.

"Baba yangu ndiye nambari moja. Mbona ndiye mdogo?"

"Ametangulia, Mzee. Anayetangulia ndiye anafika mbali kwanza, na wa mbali huonekana mdogo."

"Na huyu wa mwisho mbona mkubwa hivi? Huyu alikuwa anagonga kengele tu!"

"Hata yeye ataenda mbali. Mngoje kidogo."

Hakungoja. Nikampa baba yake herufi kubwa maradufu mpaka jina likaegemea kingo zote mbili za skrini, na hapo akatabasamu. Lakini kulikuwa na tatizo la pili. Wimbo wa kwaya aliouchagua ulikuwa wa dakika nne, na haukuruhusiwa kukatwa kwa sababu mke wake ndiye aliimba ubeti wa mwisho. Majina kumi na moja yalikuwa yakimalizika katika dakika moja. Dakika tatu zilizobaki zilikuwa mawingu matupu.

"Punguza mwendo," alisema.

"Nikipunguza hivyo herufi zitaanza kutetemeka. Zitaonekana zinaumwa malaria."

"Basi jaza."

"Nijaze na nini?"

Alikuwa ameshasimama, simu sikioni. "Wewe si ndio fundi? Jaza na kitu cha kanisa. Usinisumbue na vitu ndogo ndogo, jubilii ni Jumapili ijayo na niko na askofu wa kupokea."

Akashuka ngazi akiongea na simu.

Kesho yake nilienda Kajiado na kamera nipige picha za kanisa la zamani, nikidhani nitajazia na hizo. Bado limesimama, nyuma ya kanisa jipya la mawe, siku hizi ni stoo ya viti vya plastiki. Kuta ni zile zile za udongo. Nilikuwa nimeisogeza kamera karibu nikaona alama za vidole ukutani, mamia, vidole vyembamba vilivyosiriba huku na huku. Nikasikia mtu nyuma yangu akikohoa.

Alikuwa mwanamke wa miaka kama sabini na tano, mrefu, shuka jekundu juu ya gauni la kanisa, fimbo mkononi. Nilimjua kwa bangili kabla hajaniambia jina.

"Takwenya, Koko," nilimsalimu kama wajukuu wa hapo wanavyomsalimu nyanya yao.

"Iko," aliitikia. "Unaangalia ukuta yangu?"

Nilitoa ile picha. Akaishika karibu na macho, akaweka kidole kwenye ule mkono uliokatwa. "Huyu ni mimi," alisema. "Rachel. Mpiga picha aliniambia nisogee, nikakataa kusogea, akanikata."

"Mzee Nelson ameniambia wazee ndio walijenga."

Koko Rachel alicheka mpaka akakohoa tena. "Mwanaume wa Kimasai alijenga nyumba lini? Wewe umewahi ona?"

Nilisimama pale na aibu yangu. Nimeishi Kitengela miaka kumi na miwili. Hakuna asiyejua kwamba Umasaini nyumba hujengwa na mwanamke, kuanzia fito mpaka kinyesi cha ng'ombe cha kusiribia. Nililijua hilo, na bado niliipokea orodha ya wajenzi kumi na mmoja wenye kofia bila kuuliza swali.

"Wazee walileta Biblia na walileta viti," alisema. "Na viti wakakalia wenyewe. Sisi tulikuwa wamama kumi na tisa. Miezi mitatu. Sasa nimebaki mimi." Alinirudishia picha. "Jumapili wanaweka jiwe kwa kanisa mpya, iko na majina kumi na moja. Nilienda kwa kamati nikawaambia, na hawa wengine? Nelson Simel akaniambia, Koko, enda upumzike. Nipumzike! Mimi nikienda, hawa wamekwisha. Watoto wao wenyewe hawajui. Nani atasema?"

"Mimi nitasema," nikajibu, na damu ilikuwa imenipanda. "Ameniambia nijaze na kitu cha kanisa. Nitajaza."

Katekista alinifungulia kabati la vitabu. Katika kitabu cha ubatizo cha mwaka ule niliwapata wanawake wote kumi na tisa, waliobatizwa siku ya ufunguzi, mmoja baada ya mwingine, kwa wino wa bluu uliofifia. Nikanakili majina kumi na manane ya waliokufa, na la Rachel likawa la kumi na tisa. Nilirudi Kitengela nikayaweka ndani ya boksi, nikaliinamisha, nikayatuma mawinguni. Alhamisi nikarudi Kajiado na laptop kwapani, najisikia shujaa.

Nilimkuta Koko Rachel nyumbani kwake, nikaiweka laptop juu ya kiti, nikabonyeza. Jina la kwanza likatokea, kubwa, jeupe. Nikalisoma kwa sauti ili asikie vizuri. Nikasoma la pili.

Akatupa shuka lake juu ya skrini.

"Unawaita?" Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Unawaita waje kufuata nini?"

"Koko, ni majina yao. Ulisema..."

"Nilisema wajulikane. Sikusema uwaite!"

Alinigeuzia mgongo, kisha akanieleza. Kwao, kwa watu wa umri wake, mtu akifa jina lake huwekwa chini. Halitajwi. Alipokufa baba mkwe wake, hata neno la kawaida la nyumbani lililofanana na jina lake lilibadilishwa, wakawa wanatumia lingine mpaka leo.

"Lakini wale wazee kumi na mmoja nao wamekufa," nilisema, kwa sababu siwezi kunyamaza hata ninapopaswa. "Na majina yao yako kwa jiwe."

"Simel akitaka kuita baba yake, ni baba yake. Amesoma, hiyo ni shauri yake. Hawa ni wangu. Nilikanda udongo na wao. Sitawafanyia hivyo."

Sisi Wakamba hatuko hivyo. Mtu akifa kwetu, jina hupewa mtoto anayezaliwa, na tunaliita kutwa nzima, tukilituma dukani na kulifokea lioge. Mimi mwenyewe natembea na jina la nyanya yangu aliyezikwa kwetu Mwingi. Nilikuwa nimemletea yule mama zawadi ya kwetu, na kwake ilikuwa tusi. Nikafuta majina yote kumi na manane mbele ya macho yake. Nilihuzunika, na pia nilikasirika, maana siku zilikuwa zimebaki tatu na Mzee Nelson angeshinda kwa sababu ya heshima yetu sisi wawili.

"Basi hakuna namna," nilisema.

"Namna gani? Kwani mtu ni jina tu?" Alivuta kigoda akaketi. "Andika. Huyu wa kwanza alichota maji ya kukanda udongo, na punda wake mweupe, safari nne kila siku. Mtoto wake akisikia punda mweupe, hatajua?"

Nikaandika: *Aliyechota maji na punda mweupe*. Mstari mfupi, mzuri, unaingia bila kugusa kingo.

"Mwingine aliuza shanga zake za harusi, akanunua misumari. Mwingine, mume wake alimkataza na fimbo, akarudi kesho yake na mkono umefungwa, akasiriba na ule mwingine. Mwingine alizaa Jumanne hapo chini ya mgunga, na Ijumaa akarudi kazini."

Tulifanya hivyo mpaka mbuzi wakarudi. Kila mama nilimpa mstari wake. Wengine Koko aliwasimulia akicheka, kwa mmoja akashindwa kumaliza, akaniambia niandike tu kwamba aliimba. Wa kumi na nane alibeba udongo kichwani na mtoto mgongoni, miezi yote mitatu, na mtoto alikuwa akilia kama mbuzi. Nikaandika: *Aliyebeba udongo kichwani na mtoto mgongoni*. Wa mwisho alikuwa yeye.

"Mimi niko hai," alisema. "Mimi andika jina. Na herufi ile ya baba ya Simel."

Jumamosi Mzee Nelson alinitumia ujumbe: *Umejaza?* Nikajibu: *Nimejaza*. Akanitumia kidole gumba.

Jumapili kanisa lilifurika. Nilikaa ubavuni, meza yangu karibu na ukuta, laptop, projekta na spika vyote vimeungwa kwa waya mmoja kwenye soketi ya ukutani. Koko Rachel alikuwa safu ya saba, upande wa wanawake, na fimbo yake. Jiwe lilifunuliwa, makofi yakapigwa, askofu akaomba, kisha mapazia yakavutwa na kwaya ikaanza kuimba kutoka kwenye spika.

Wazee wakapita kwanza. Baba yake Mzee Nelson akaujaza ukuta mzima, na mwanawe akajinyoosha kitini. Kumi na mmoja wakaenda mbali, wakaingia mawinguni, mgonga kengele wa mwisho. Halafu, bila hata kupumua, kutoka chini ukatokea mstari: *Na hawa ndio walioijenga nyumba*.

*Aliyechota maji na punda mweupe.*

Kisha mwanamke mmoja mbele akaweka mkono mdomoni. *Aliyeuza shanga za harusi akanunua misumari.* Minong'ono ikaanza kutembea kwenye viti. *Aliyesiriba kwa mkono mmoja.* Ulipofika mstari wa mgunga na Jumanne, mwanamume mwenye kipara na suti ya kijivu akaruka kutoka kwenye kiti.

"Yeyo!" alipaza sauti. "Huyo ni yeyo, mama yangu! Mimi ndio nilizaliwa hiyo Jumanne!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi, wengine wakalia papo hapo. Mzee Nelson alikuwa ameshafika mezani kwangu.

"Hii ni nini?"

"Kitu cha kanisa, Mzee. Ulisema nijaze."

"Zima."

"Sizimi."

"Nasema uzime! Askofu anaangalia!"

"Aangalie. Ukitaka kuzima, zima mwenyewe."

Nilijua kazi zote za makanisa zilikuwa zikiniponyoka pale, na sikujali. Nimekata watu wengi kwenye picha kwa sababu mwenye picha ameniambia. Wake wa kwanza, mashemeji waliokosana, mtoto wa nje. Siku ile nilikuwa nimechoka kukata.

Hakujua kitufe ni kipi. Akainama, akashika ule waya, akauvuta kwa nguvu mpaka ukachomoka ukutani na kipande cha plasta. Projekta ikafa na wimbo ukafa nayo. Kanisa zima likageuka kutuangalia, yeye na waya mkononi, mimi nimesimama.

Ndipo nikasikia fimbo ikigonga sakafu. Koko Rachel alikuwa amesimama safu ya saba, na hakungoja mtu amletee kipaza sauti.

"Aliyekata fito huku mguu umevimba," alisema.

Mtu akajibu kutoka nyuma, "Yeyo!"

"Aliyeimba."

"Yeyo!" Sasa walikuwa wengi.

Akaendelea, mmoja mmoja, bila kukosea, kwa mpangilio ule ule tulioandika. Hakuna aliyemzuia. Askofu mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa. Alipofika wa kumi na nane alianza kutembea, polepole, kupitia katikati ya viti, akija kwetu.

"Aliyebeba udongo kichwani na mtoto mgongoni," alisema. "Miezi mitatu. Tulimwambia mwachie nyanya yake huyo mtoto, analia sana. Akakataa. Akasema acha aone nyumba ya Mungu ikijengwa."

Alisimama mbele ya Mzee Nelson. Sikujua. Aliponipa mstari ule hakuniambia mtoto ni nani, na kwa uso wa Mzee Nelson niliona kwamba hata yeye hakuwahi kuambiwa.

"Mtoto ndiye huyu," Koko Rachel akawaambia watu. "Ndiye huyu ameshika waya."

Hakuna aliyesema yeyo. Wote walikuwa wakimngoja yeye aseme, na hakuweza. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na moja mwenye tai, na waya ulikuwa bado mkononi mwake.

"Chomeka," Koko alimwambia.

Akainama akachomeka. Lakini alikuwa ameivunja soketi kwa kuuvuta ule waya. Kila alipouachilia, taa ya projekta ilizimika, na kila alipoushindilia ukutani kwa mkono, iliwaka. Akajaribu mara tatu. Mara ya nne akabaki hapo amepiga goti moja, kiganja kimebana ukutani, suti inafagia vumbi la plasta, akinitazama nimwambie la kufanya.

Nikairudisha video mpaka kwa punda mweupe.

"Usiachilie," nilimwambia. "Wako kumi na tisa."